Mama Ngigi Anatafuta Bastola

Ngigi alikuwa ndio kwanza amemaliza kuombea chakula mama yake alipotangaza kwamba anataka kununua bastola. Maombi yalikuwa marefu. Tangu achaguliwe mzee wa kanisa, hata kikombe cha chai kilikuwa hakinyweki kwa Ngigi mpaka wana wa Israeli wavuke bahari upya. Walikuwa wameketi mezani nyumbani kwake Membley, kwenye ile mitaa ambayo kila nyumba imefanana na mwenzake, na mama huyo, Wamboi, alikuwa ameshikilia paja la kuku tangu Farao alipoanza kufanya moyo mgumu.

"Amina," akasema. "Nataka kununua bunduki. Ile ndogo ya mkono."

Ngigi akaangusha kijiko. Dadake Ciku, kitinda mimba, mwalimu wa shule ya msingi huko Thika, akacheka mpaka soda ikamtoka puani.

"Maitu, wewe na bunduki? Si hata remoti ya TV inakushinda?" Nyumbani kwao mama aliitwa Maitu, kwa Kikuyu.

"Remoti hainishindi. Hakuna kitu ya kuangalia."

Ciku alicheka peke yake. Ngigi hakucheka, na wakati ule Wamboi alidhani ni kwa sababu ya utakatifu.

Sasa Wamboi mwenyewe ni mtu wa namna gani? Ni mama wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwenye viganja vipana na mdomo usio na breki. Hunusa ugoro kanisani, na ikitokea mhubiri akarefusha mambo, yeye hupiga chafya kwa nguvu mpaka mhubiri apoteze mstari. Yeye na marehemu mumewe Waweru, dereva wa lori la mawe, walinunua ploti Gatongora, pale Ruiru, wakati ambapo majirani walikuwa mibuni ya kahawa na sungura. Leo majirani ni magorofa. Wapangaji humwangalia kutoka roshani wakiwa na meno yamejaa povu la mswaki, na upepo ukivuma nguo zao za ndani huangukia mbuzi wake. Yeye huziokota, akazianika juu ya geti mahali pa kuonekana na wote, mwenyewe aje azichukue kwa aibu zake.

Mabroka wa ardhi walimjia mpaka wakazoea chai yake. Ngigi naye alikuwa na wazo lake: pajengwe bedsita, vyumba juu ya vyumba, mama ahamie Membley alee wajukuu. Wamboi alimjibu jibu moja kila alipouliza. "Nikifa mtajenga hata uwanja wa ndege. Mimi bado niko."

Na kulikuwa na mbuzi. Wote walikuwa weusi, wanne, lakini mmoja alikuwa ndafu, aliyehasiwa akiwa mdogo na kunenepeshwa mpaka akawa anatembea kama mbunge. Huyo alikuwa wa Waweru. Kwa mbari yao, ardhi haigawanywi kwa makaratasi ya wakili peke yake. Siku ya kugawa, wazee huchinja mbuzi aliyetengwa kwa kazi hiyo, na Waweru kabla ya kufa alikuwa amewaita wazee wakamnyunyizia mbuzi huyo muratina, pombe ya wazee, na kumbariki. Hakufungwa uzi, hakutiwa alama. Watu wa nyumbani walimjua, basi. Mtu akimwiba mbuzi kama huyo, thahu inamwandama, ile laana ambayo wasomi wote wa Ruiru huicheka mchana na kuikimbia wakiwa peke yao. Na bila mbuzi huyo, hakuna anayepewa hata futi moja.

Basi mwaka huo wezi walianza na kuku. Wamboi alienda mkutano wa akina mama kanisani, akarudi akakuta banda limefagiwa, manyoya matupu. Geti lilikuwa limefungwa vizuri kwa kufuli yake, bila mkwaruzo. Kijana wa polisi aliyekuja kutazama alisema wezi wa siku hizi wana funguo za kila kitu, akapewa chai, akaenda.

Mara ya pili ilikuwa Jumamosi ya arusi ya mpwa wake, kule Thika karibu na maporomoko ya Chania. Wamboi alikuwa amepigwa picha na maji nyuma yake, amecheza mugithi, amekula keki. Ngigi alichelewa mpaka keki ikaisha, akalaumu foleni ya barabarani. Wamboi aliporudi Gatongora akiwa na kofia yake ya arusi kichwani, mbuzi watatu hawakuwepo. Yule mnono alikuwa amesimama katikati ya zizi, anatafuna.

Jirani yake Amida, mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeona. "Haki mimi niliona pikapu imeingia, mama Ngigi! Wakafungua geti pole pole, wakapakia, wakafunga. Nikasema kumbe ameuza, na hata hajaniambia. Nikakukasirikia mpaka jioni."

Mchungaji alikuja kumfariji, akatazama yule ndafu, akasema Bwana amekuachia fungu lako. Wamboi akasema Bwana asifiwe.

Lakini ukweli usemwe: aliogopa. Mwanamke ambaye alimfukuza broka kwa mwiko wa ugali alianza kutembea na simu mkononi hata akienda chooni. Kwa hiyo Ngigi alipoitisha kikao cha familia, mchungaji akiwa shahidi, Wamboi alikubali jambo ambalo asingelikubali mwaka uliotangulia. Wezi wakirudi mara ya tatu, atahamia Membley, kwenye kile chumba nyuma ya jikoni chenye dirisha la kupitisha paka, na wazee wataitwa kugawa ploti. Alisema ndiyo mbele ya watu. Alipofika kwake akakaa kitandani akiwa amevaa viatu, akawaza: nyumba hii niliijenga nikiwa na mimba ya huyu huyu anayenihamisha. Sitoki. Ndipo bastola ikamwingia akilini.

Odhiambo alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye tumbo la heshima na sauti iliyozoea kuamrisha watu walale chini. Alifundisha raia kulenga shabaha nje ya Thika, ndani ya shimo la zamani la mawe, na alikuwa amezoea wateja wa aina mbili: wafanyabiashara waoga na vijana wanaotaka kupigwa picha. Alipomwona Wamboi akishuka na leso na mfuko wa sukuma wiki, alidhani ameleta chakula cha mtu.

"Ni mimi nataka kujifunza," Wamboi akasema. "Na usiniite shosho. Sina mjukuu kama wewe."

Odhiambo akamwekea bastola tatu juu ya kitambaa, zote tupu, na kumwonyesha kuwa ni tupu. Wamboi alizichagua jinsi anavyochagua kuku sokoni. Alizipima uzito, akazigeuza, akazichungulia chini. Ya kwanza ilikuwa kubwa ya kung'aa.

"Hii ni ya kutwanga mahindi?"

"Hiyo ni ya sinema, mama. Wewe chagua ile inakaa kwa mkono wako."

Akaipenda ile ndogo kabisa, iliyotoshea kiganjani kama sabuni. Odhiambo akatikisa kichwa. Watu hudhani ndogo ndiyo ya akina mama, akasema, kumbe ndogo ndiyo huruka mkononi vibaya zaidi, na ndogo ni ngumu kulenga. Akampa ya kati, akamwambia avute sehemu ya juu irudi nyuma. Wafanyabiashara wengi walishindwa hapo, wakavuta huku wamekunja uso kama wamebanwa. Wamboi alikuwa amekamua ng'ombe miaka mingi. Akaivuta mara moja, ikalia kaa!

"Hii," akasema.

"Sawa. Sasa sikiza sheria. Kila bunduki iko na risasi, hata kama umezitoa mwenyewe. Kidole ikae nje ya triga mpaka ukishaamua. Na ya mwisho, hii usisahau hata ukisahau jina yako: usifyatue kama hujui ni nani ako mbele. Si kudhani. Ujue kabisa. Risasi hairudishwi."

"Nimesikia."

"Na lazima uwe na leseni, na utahojiwa na kamati ya usalama, daktari akuangalie akili, na uwe na sefu ya kuifungia."

"Sefu ya nini? Si naiweka hapa." Akagonga kifua, mahali alipoweka simu, nauli na kikopo cha ugoro.

"Mama, hapo utajipiga siku ya kwanza ukitafuta ugoro."

Risasi ya kwanza iliua udongo. Ya pili ilienda mahali Mungu peke yake anajua. Ya tatu ikampata yule mtu wa karatasi, si kifuani, bali chini kidogo ya mshipi. Wote wawili wakamtazama.

"Huyo hatarudi," akasema Odhiambo.

"Hata akirudi, bibi yake hatamhitaji."

Wamboi alirudi Gatongora mabega yakimuuma na moyo mweupe. Kwa mara ya kwanza tangu kuku waende, aliisahau simu juu ya meza.

Aliyekosa raha sasa alikuwa Ngigi. Alianza kupiga simu kila siku. "Maitu, hiyo maneno ya bunduki umefika wapi?" Akamtumia aya za watu waishio kwa upanga. Akamtumia mchungaji. Akaahidi kumletea kamera za ukutani kama ataachana na mambo ya bastola, na kamera hazikuja. Na jambo jingine: kijana ambaye maisha yake yote alifungua geti kwa ufunguo wake na kuingia moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, sasa alikuwa akipiga simu akiwa bado mbali. "Maitu, nakuja. Niko hapa Ruiru. Ni mimi, ukisikia gari ni mimi. Sasa niko kwa geti."

"Nimekuona," Wamboi alikuwa akijibu. Akawa anamwambia Amida, "Heri kuwa na mtoto anayekujali."

"Anakujali sana," Amida alisema, akaendelea kukunja vitenge bila kumtazama.

Kabla ya kupeleka maombi ya leseni, Odhiambo alikuja kuikagua nyumba. Hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Bastola, alisema, ni kitu cha mwisho kabisa, na mtu anayeanza na kitu cha mwisho ni kama anayenunua jeneza kabla ya dawa. Akazunguka ploti na mikono nyuma. Akaisifu kayaba, ule ua wa miiba ambao Waweru aliupanda: "Hapa mwizi hapiti, labda vipande." Akataka taa inayojiwasha mtu akipita. Akataka grili kwenye dirisha la chumba cha kulala, na filimbi kwa Wamboi na nyingine kwa Amida, maana jirani anayesikia ni bora kuliko risasi inayokosa. Wamboi alikubali yote.

"Funguo za geti ziko na nani?"

"Mimi, na kijana yangu wa kwanza. Baba yao akikufa nilimpa. Hapa ni kwao, anaingia saa yoyote."

Odhiambo akaitikia kwa kichwa, akasogea zizini. Yule ndafu alimtazama kwa dharau, akajamba.

"Na huyu? Walibeba hao wengine wakaacha huyu?"

"Walikuwa wamekonda, hao wengine. Huyu ni Mungu aliniachia."

"Mama, mimi nimeona wezi wengi. Sijaona mwizi wa kuacha nyama."

Wamboi akacheka. "Huyu hawezi ibiwa. Huyu ndiye mbuzi ya kugawa ploti, mzee wangu alimwacha. Ukimgusa unapata thahu, na tena bila yeye hakuna mtu anapewa shamba. Kila mtu kwetu anajua…"

Kicheko kilibaki mdomoni mwake kwa muda, kikiwa hakina kazi. Odhiambo, ambaye alikuwa na watoto wake pia, aligeuka akaanza kuikagua kayaba kwa makini, mwiba baada ya mwiba.

Kila mtu kwetu anajua. Na "kwetu" walikuwa watu wangapi? Yeye. Wazee wa mbari, ambao hata kupanda ngazi ya kanisa ni shida. Ciku, aliyekuwa naye arusini tangu asubuhi. Na yule aliyefika keki ikiwa imeisha.

Odhiambo alipoondoka, Wamboi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na zizi, akalia. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya kumzika Waweru. Alilia kwa hasira kwanza, akimtukana Ngigi kwa majina ambayo mzee wa kanisa hastahili kuitwa, kisha akalia kwa uchungu mtupu. Halafu akamkumbuka yule mtu wa karatasi na lile tundu chini ya mshipi. Bastola ingefika. Mara ya tatu ingefika. Geti lingefunguka pole pole, naye angekuwa dirishani, mkono wake mpana wa kukamua ukiwa umetulia.

Karatasi za kuomba leseni aliziacha kabatini, chini ya kitabu cha nyimbo, na hazikutoka tena. Mwisho wa juma akawapigia watoto wake simu. "Jumamosi mje. Mbuzi wa baba yenu anachinjwa."

Ngigi alifika na suti. Ndani ya gari alikuwa na ramani ya majengo imeviringishwa. Alifungua geti kwa ufunguo wake bila kupiga simu, akaingia akipiga mluzi wimbo wa sifa. Akawakuta Ciku, Odhiambo, na wapangaji kadhaa wa gorofani ambao walikuwa hawajawahi kuingia humo isipokuwa kufuata nguo zao za ndani. Tahir, mume wa Amida, alikuwa amekunja mikono ya kanzu, kisu mkononi, mbuzi amelazwa.

"Maitu, wazee wa mbari wako wapi?"

"Kwao."

"Na mbona ni Tahir anachinja?"

"Ndio Amida ale. Nitapika nyama jirani asile?"

Tahir akataja jina la Mungu, na mbuzi wa kugawa ploti akaenda kama mbuzi yeyote. Ngigi akawa mweupe kuliko shati lake. Hakuna mzee aliyekula ubavu wake siku hiyo. Ulikaangwa, ukachomwa, ukaliwa na watu wasiokuwa na haki ya hata inchi moja ya ardhi ile, na mpangaji mmoja alirudia mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, mpaka akafungua mshipi. Wamboi alimpakulia mwanawe sahani iliyojaa, akamkalia karibu mpaka amalize. Kisha akampeleka nyuma, kwenye zizi tupu.

"Wale mbuzi wangu ulipeleka wapi?"

Ngigi akafungua mdomo. Wamboi akainua kiganja. "Usiniletee Israeli."

Mzee wa kanisa akatazama viatu vyake vilivyokanyaga mavi ya mbuzi. "Nilitaka uhamie mahali safi, Maitu. Hapa uko peke yako. Ungekuwa na sisi."

"Na ploti?"

Ngigi akaanza kukwangua kiatu kwenye nguzo ya zizi.

"Si ungeniomba, Ngigi?"

"Nilikuomba. Ukakataa."

"Ee. Nilikataa. Ndiyo maana kunaitwa kuomba."

Akatoa ugoro ili mikono ipate la kufanya, ukamwagika. "Nilikuwa nanunua bunduki kwa sababu yako, unaelewa? Nilienda Thika nikajifunza. Mimi ni mzuri, uliza Odhiambo. Ungekuja hiyo mara ya tatu, ningekuua. Halafu ningebaki hapa, na hiyo ploti yote, naishi." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Yule mwalimu alisema kwanza ujue ni nani ako mbele. Sasa najua. Siwezi piga mtu nilinyonyesha. Leta ufunguo."

Ngigi alichukua muda kuutoa kwenye mnyororo, kati ya ufunguo wa gari na ufunguo wa ofisi ya kanisa. Vidole vilikuwa na mafuta, ulikuwa unateleza. Alipoutoa aliushika kidogo, kisha akauweka kwenye kile kiganja kipana. Wamboi akautia kifuani.

Jumatatu Odhiambo alileta taa, na Tahir akamnunulia kufuli mpya.

Jumapili moja baadaye, baada ya ibada, Wamboi alikuwa ameketi uani akinusa ugoro wake aliposikia gari linasimama nje. Geti likatikiswa kidogo, likakataa. Halafu likagongwa, taratibu, kama linavyogongwa na mgeni.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Ngigi, Maitu."

Sauti hiyo aliijua kabla haijajifunza kusema. Akapiga chafya, akapangusa pua kwa ncha ya leso, akamalizia ugoro uliobaki kwenye kidole. Kisha akauchomoa ufunguo mpya kifuani, akainuka, akaenda kumfungulia.